Trafiki na Kosa la Tatu

Nilimjua kwa mabega kabla sijamjua kwa sauti. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka moja mjini Kibondo, mkabala na stendi, na siku moja aliniletea shati lake jeupe limechanika kwapani. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, kama la mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja miaka mingi. Nikamwambia, "Afande, shati halina kosa. Kosa liko mwilini mwako." Akaguna, akasema nishone tu.

Sisi wote tulimwita Trafiki. Miaka ile ya mwanzo alikuwa peke yake, hakuwepo mwingine wa kumchanganya naye, kwa hiyo jina la kuzaliwa halikuhitajika. Alikotoka sikumwuliza. Kiha chake kilikuwa cha kubahatisha. Alitusalimu "Mwakeye", salamu ya asubuhi, hata jua likiwa limeshainama upande wa magharibi, na akina mama wa sokoni walimwitikia hivyo hivyo, kana kwamba kumekucha, wasimwaibishe.

Sare nyeupe katika vumbi jekundu la kwetu ni adhabu tosha. Aliifua mwenyewe kila jioni, akaitia buluu, kisha akaianika ndani ya nyumba, watu wasijue kwamba anazo mbili tu. Mimi nilijua, kwa sababu viraka vyote ni vyangu.

Hakuwa mtu mwema kwa namna ambayo watu husema fulani ni mwema. Mdomo wake ulikuwa mchungu. Wenye baiskeli zisizo na kengele aliwanyang'anya baiskeli, akaziegemeza ukutani kituoni wiki nzima, na mkulima wa watu akarudi kijijini kwa miguu na gunia lake kichwani. Niliwahi kumwona akimpiga mzee mmoja wa Burundi kwa kofia kwa sababu alivuka barabara bila kutazama, kisha akamshika mkono, akamvusha mwenyewe, huku bado anamtukana.

Rushwa alikataa. Kuku, sukari, vitenge vya mke ambaye hakuwa naye, vyote alivirudisha kwa kelele ili stendi nzima isikie. Ila chumvi alipokea. Madereva waliotoka Uvinza walijua hilo, wakamwachia kifuko. Nilipomuuliza inakuwaje, alinijibu bila kupepesa, "Hujawahi kuona mtu aliyelewa chumvi akaua." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Na pombe alikunywa. Hilo ndilo lililowachekesha watu zaidi. Jumamosi mchana alivua sare, akavaa koti la kahawia, akaenda kwenye kilabu cha pombe ya ndizi nyuma ya soko. Kabla hajashika kibuyu, alimkabidhi mama mwenye kilabu baiskeli yake na kusema, "Hata nikilia, usinipe." Na kuna siku alilia kweli, mvua imemkuta, akamwomba baiskeli yake kama mtoto anavyoomba titi, na yule mama akakataa. Akatembea. Watu walimkuta jioni amekaa ndani ya mtaro, maji yanampita kiunoni, wakacheka kwamba Trafiki amejikamata. Jumatatu yake akaja kwangu na lile koti. "Mtaro ule una kina cha kumtosha mtu mzima," aliniambia. "Nimeupima mwenyewe. Lakini sikumgusa mtu."

Siku hizo hakukuwa na kidude cha kupulizia. Dereva aliyetiliwa shaka ilibidi apelekwe hospitali atolewe damu, na damu isafirishwe mbali, na majibu yakirudi kesi imeshasahaulika. Trafiki alikuwa na kipimo chake. Alimsimamisha dereva kando ya lori, akamwambia, "Nitajie watoto wako, kuanzia mkubwa." Alidai kwamba mlevi anaweza kujikaza akanyoosha mwendo, lakini watoto huwachanganya. Mvuta bangi naye huwataja taratibu sana, akicheka katikati.

Hivyo ndivyo alivyomkamata mume wangu mara ya kwanza.

Mume wangu, Zakayo, alikuwa dereva wa lori. Wakimbizi walipoanza kuingia kwa maelfu kutoka Burundi, barabara yetu iliyokuwa ikiona magari machache kwa siku ilijaa malori ya mahindi, maharage na maturubai, na mtu yeyote aliyejua kushika usukani alipata kazi. Zakayo alipata kazi nzuri. Alikuwa mtu mpole nyumbani, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye hakuwahi kuninyooshea mkono. Lakini safari za Kibondo na Kasulu zilikuwa na vilabu njia nzima, na wenzake walimfundisha kuchanganya pombe na bangi ili asisinzie.

Aliposimamishwa na kuulizwa watoto, alitaja wanne. Trafiki alikuwa anajua tuna watatu, maana walicheza miguuni pangu kwenye cherehani kila siku. Akaandika kwenye karatasi kwamba mtuhumiwa hajui idadi ya watoto wake, akamweka mahabusu.

Nilikwenda kituoni asubuhi. Nikamwambia, "Afande, wanne ni kweli. Wa pili tulimzika. Baba yake huwa anamtaja."

Akachukua ile karatasi, akakata mstari mmoja kwa rula, polepole.

"Hilo nimelifuta, Mama Gaude," alisema. "Harufu siwezi kuifuta."

Zakayo akahukumiwa faini. Tajiri yake akailipa siku hiyo hiyo, na kabla ya adhuhuri alikuwa barabarani tena, leseni mfukoni.

Hapo ndipo palipomkera Trafiki kuliko pote. Alikuwa na msemo wake, na aliurudia mpaka wauza karanga wakawa wanaumalizia: "Anayerudia hajakosea. Amechagua." Sheria haikuona hivyo, au hata kama iliona, macho yake hayakufika kwetu. Mtu alihukumiwa Kibondo, mwezi uliofuata akahukumiwa Kasulu, na kila mahakama ilimwona mgeni. Kila mara kosa la kwanza. Kila mara faini. Basi Trafiki akanunua daftari la kaunta, na siku zake za mapumziko akapanda basi kwenda Kasulu, akakaa na karani wa mahakama, akanakili majina ya madereva. Alirudi amechoka, vumbi hadi kwenye kope, anafurahi kama mtu aliyetoka harusini. "Huyu ana mara mbili," alinionyesha. "Huyu mara tatu. Huyu, ee Mungu wangu, mara tano, na jana kanipungia mkono."

Aliwaandikia wakubwa barua. Aliomba kwamba mwenye kurudia asipewe faini, afungwe, na leseni ichukuliwe isirudi. Mimi ndiye niliyemsomea rasimu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mbovu na alitaka kujua kama mtu mwingine anaweza kuusoma. Alijibiwa mara moja tu, kwa mstari mmoja, kwamba barua yake imepokelewa. Aliihifadhi ndani ya Biblia.

Usidhani alikuwa akiwaonea wadogo tu. Aliwahi kusimamisha gari la shirika la wakimbizi, dereva wake amelegea, ndani amekaa mzungu mwenye haraka. Mzungu akashuka na maneno mengi. Trafiki akamletea kigoda, akamnunulia karanga za kuchemsha, akamlaza dereva kwenye majani chini ya kivuli cha gari, akasema safari itaendelea dereva akiamka. Walikaa hapo saa nne nzima. Watu tulitoka madukani kutazama. Mwishoni yule mzungu alikuwa anamenya karanga na kumpa Trafiki.

Baadaye ukaja mkutano. Maofisa kutoka mkoani walikusanya madereva, matajiri wa malori na askari kwenye ukumbi, wakatuambia kwamba sheria ya ulevi barabarani inakwenda kukazwa, hasa kwa wanaorudia. Nami nilikwenda, kama wake wengine wa madereva. Watu walipiga makofi. Trafiki alisimama nyuma kabisa, sare yake imenyooka, akauliza, "Itakazwa lini?" Ofisa akasema mambo yako kwenye mchakato. Trafiki akasema, "Nauliza kwa sababu ninaye wa mara ya pili, na ya tatu naiona inakuja."

Hakunitazama. Lakini nilijua, maana mara ya pili ya Zakayo ilikuwa imepita wiki chache tu, kule Kasulu, lori limeingia kwenye ua wa mtu na kuua mbuzi.

Usiku ule nilimwambia Zakayo aache. Aliapa kwa jina la mtoto wetu aliyelala kaburini. Nilimwamini, na nadhani naye alijiamini.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili alasiri. Trafiki alimsimamisha kwenye kizuizi cha kuingilia mjini. Macho mekundu, msokoto wa bangi kwenye mfuko wa shati, na alipoulizwa watoto alicheka, asitaje hata mmoja. Safari hii Trafiki alikuwa na daftari lake, na hakimu alikuwa ameshamwahidi kwamba akiletewa mtu mwenye ushahidi wa makosa mawili ya nyuma, atamfunga na kumfutia leseni.

Nilikwenda nyumbani kwa Trafiki kesho yake mapema, na watoto wote watatu, mdogo mgongoni. Nilipiga magoti kwenye udongo wa uani kwake. Kwetu mwanamke hupiga magoti kusalimia, lakini mimi sikusalimia. Nilibaki chini.

"Simama, Mama Gaude."

"Sisimami. Ukimfunga yeye umetufunga wote. Kazi ikienda, hawa watakula nini? Nitawalisha uzi?"

"Nilimwambia. Mara mbili nimemwambia."

"Ameapa."

"Walevi wote wanaapa, mama. Mimi naapa kila Jumapili."

"Basi unajua," nilisema. "Unajua lilivyo. Wewe una mama wa kilabu anayekunyima baiskeli. Yeye hana. Nitakuwa mimi. Niachie mimi nimshike."

Sijui kwa nini maneno yale yalimwingia. Huenda ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anamjua. Alisimama pale mlangoni na fulana yake, bega limeshuka, anamtazama binti yangu Gaude, aliyekuwa amepiga magoti pembeni yangu bila kuambiwa. Kisha akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na karatasi ya mashtaka, na kalamu. Akakata neno ulevi. Akaandika: kuendesha gari lenye taa mbovu.

"Ni mara moja," alisema. "Na ni dhambi."

Nilimshukuru mpaka sauti ikakauka.

Siku kumi na tisa baadaye, saa sita mchana, jua kali, barabara nyoofu, lori la Zakayo lilitoka njiani pale kijijini Makere, njia ya Kasulu. Wanawake wawili walikuwa kando ya barabara wametoka shamba, vikapu vya muhogo mbichi kichwani. Mmoja aliitwa Eliza, mama wa mtoto mchanga ambaye siku hiyo alikuwa amemwacha nyumbani kwa sababu ya jua. Alikufa pale pale. Mwingine alikuwa mama mkwe wake, na alikatwa mguu hospitalini. Zakayo hakuumia. Walisema walimkuta amekaa kwenye usukani anaimba wimbo wa kwaya, hajui kwamba gari limesimama.

Nilikwenda Makere kwenye matanga. Nilikaa nyuma na wanawake wasionijua, nikamenya ndizi pamoja nao. Walimleta yule mtoto mchanga, akapitishwa mikononi kutafuta mwenye maziwa. Alipofika kwangu nilimpitisha haraka kwa jirani. Sikusema mimi ni nani.

Kesi ilisikilizwa Kasulu. Trafiki aliitwa kueleza tu kama anamfahamu mshtakiwa. Hakuulizwa kuhusu taa. Angeweza kujibu ndiyo, akakaa. Alisimama kizimbani na ile sare ninayoijua kila mshono, akatoa daftari, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Kisha akasema, "Na ya tatu niliificha mimi. Niliandika taa. Taa zilikuwa nzima."

Mwendesha mashtaka akamuuliza kama alipewa chochote. Akasema hapana. Akaulizwa ni nani aliyemwomba. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, Gaude ubavuni. Nilihisi mtoto akinishika kitenge.

"Hakuna," alisema Trafiki. "Nililegea mwenyewe."

Zakayo alifungwa. Trafiki alivuliwa sare kabla mwezi haujaisha, bila kiinua mgongo. Alipoondoka Kibondo hakuaga. Lile shati jeupe la akiba lilikuwa kwangu, kola nusu imeshonwa, na hakulifuata.

Watu walisema mengi. Madereva walisherehekea wazi wazi kilabuni. Wengine walisema alikula hongo kubwa na kujitia utakatifu. Nilikuwa nashona, nasikia, na sikufungua mdomo. Nilikaa hivyo miaka.

Zakayo alitoka gerezani amekonda, amenyoa, anasali. Alilima nami msimu mmoja. Kisha akaenda mkoa mwingine kutafuta kibarua, alivyosema, na aliporudi alikuwa na leseni mpya, jina la babu yake limewekwa mbele na la kwake nyuma, bila doa lolote. Wakati huo kambi ya Nyarugusu ilikuwa imeshajaa Wakongo, na malori yalihitaji madereva kuliko mwanzo. Akapata lori. Wiki ya tatu nilipofua suruali yake nikakuta msokoto mfukoni.

Nilisikia Trafiki yuko Kasulu, anauza mkaa kwenye kibanda njia ya kwenda chuo cha ualimu. Nilipanda basi. Nilimkuta ameinama anajaza debe, mikono na uso vyeusi kwa vumbi la mkaa, nywele nyeupe. Aliniona akasimama, akajipangusa kwenye kaptula.

"Mama Gaude."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya shukrani, ya kuomba msamaha. Nikasema tu, "Ameanza tena."

Nikamweleza: leseni, jina, lori, msokoto. Alisikiliza bila kukatiza. Nikamwambia, "Mahakamani ulinificha. Kwa nini?"

"Sikukuficha kwa wema," alisema. "Niliona aibu kusema kwamba nilishindwa na mama aliyepiga magoti. Nikaona heri niitwe mla rushwa."

"Nifanye nini?"

"Mimi si askari."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Nenda kituoni," alisema. "Sema yote. La kwanza, la pili, la tatu, na lile la Makere, na leseni. Na useme ulichonifanyia mimi. Usipolisema hilo watakuona mke mwenye wivu, watakurudisha nyumbani."

"Watoto watanichukia."

"Watakuchukia, ndiyo."

Nilitaka aseme jambo lingine, lolote. Alifunika magunia kwa turubai, akanawa uso kwenye beseni, akavaa shati la kijani lisilo na vifungo viwili, akatangulia njia.

Yaliyofuata kwa Zakayo nayasema kwanza. Walimsimamisha siku ya tatu, asubuhi, njia panda ya Makere, amelewa, gari tupu, na hakuna mtu aliyekuwa mbele yake. Kwa leseni ya uongo na kwa makosa yote ya nyuma, hakimu hakutaja faini. Alifungwa miaka ambayo ilimtoa mzee. Kosa lake hakulikana, ila mimi hajanisemesha mpaka leo. Mtoto wetu wa kiume alihama nyumbani kwenda kwa baba mdogo wake. Gaude na mdogo wake walibaki.

Lakini siku ile tulikuwa wawili, tunapandisha kilima kuelekea kituo kilicho jirani na mahakama alikowahi kukaa akinakili majina. Kwenye kaunta alikuwepo askari kijana ambaye hakumjua. Alimtazama yule mzee mwenye mkaa kwenye kucha, akamuuliza ana shida gani.

"Nimemsindikiza mama huyu."

"Basi subiri nje."

Akatoka. Nilitoa maelezo kwa muda mrefu. Nilipofika pale pa kupiga magoti, askari aliacha kuandika, akaniangalia, akauliza kama nina hakika nataka liandikwe. Nikasema liandikwe.

Nilipotoka, jua lilikuwa limehama na benchi la nje halikuwa na kivuli tena. Trafiki alikuwa bado amekaa pale, kati ya mwanamke aliyeibiwa mbuzi na kijana mwenye bandeji, mikono magotini.

"Umesaini?" aliniuliza.

"Nimesaini."

Aliinuka kwa shida, akashika mgongo. Hakunipa mkono. Tukashuka kilima, na alipofika kwenye kibanda chake alimkuta mteja anamsubiri na ndoo tupu, akaanza kumpimia.